Wiki moja ya kumtafuta ningu

Ubishi ulianzia Dunga, ufukweni Kisumu, kwenye benchi la mama muuza samaki, tukingoja chai ipoe. Mtoto wa mjomba wangu ni mvuvi. Alisema stima, yaani umeme, ndiyo iliyommaliza samaki aitwaye ningu. Mimi riziki yangu ni kuunga nyaya kwenye nyumba za watu, kwa hiyo neno lile nililipokea kama tusi la familia. Nikamwambia ningu alikwisha kabla baba yangu hajaoa. Akacheka.

"Fundi, wewe stima unaijua kutoka kwenye mita kuingia ndani. Kutoka kwenye mita kurudi nyuma huijui."

Tukawekeana dau hapo hapo. Tungeufuata mto Sondu-Miriu kutoka ziwani hadi kwenye banio la kuzalisha umeme, na atakayeshindwa angenunua samaki mzima na ugali. Petroli ya pikipiki tungegawana. Ilikuwa mwanzo wa Aprili, masika yamepiga hodi lakini hayajaingia.

Jumatatu

Tulitoka Kisumu kabla ya jua kuwa kali, tukapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, tukakata kulia hadi Katito, kisha tukashika barabara ya Kendu Bay. Tulipofika karibu na mto tuliiacha lami. Kutoka hapo ni udongo mweusi wa kule chini, ule unaokamata gurudumu kama gundi. Tuliisukuma pikipiki zaidi ya tulivyoipanda.

Mdomo wa mto haufanani na ule wa kwenye ramani. Hakuna mahali unaposema hapa mto umekwisha, ziwa limeanza. Ni mafunjo, halafu maji, halafu mafunjo tena, na ng'ombe wamesimama hadi magotini.

Kwa msomaji asiyemjua, ningu ni samaki wa mwili mrefu, rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Mdomo wake umeelekea chini kama wa mtu aliyesusa, na midomo ni minene, imechanika-chanika kingoni. Hiyo ndiyo zana yake ya kukwangulia ukoga kwenye mawe. Hukulia ziwani, lakini uzazi ni wa mtoni. Mvua zikianza na maji ya mto yakigeuka rangi, hupanda kwa makundi, akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, akataga, akarudi. Vifaranga huteremka maji yanapopungua. Hayuko peke yake katika safari hiyo. Fwani, yule mwenye magamba makubwa ya dhahabu, naye hupanda, na mumi, yaani kambare, na sire. Lakini ningu ndiye aliyekuwa akiwalisha watu wa mitoni, na ndiye wazee wakimtaja hunyamaza kwanza.

Siku hiyo nilipata pointi yangu ya kwanza bila kutafuta. Kwenye mkondo mmoja, mwembamba kiasi cha kurushiana jiwe, tulihesabu nyavu tatu zimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, moja nyuma ya nyingine. Samaki aliyekwepa ya kwanza anaikuta ya pili.

"Hizo ni za stima?" nikamwuliza.

Hakujibu. Nikaendelea kumpiga kwa historia, maana nilikuwa nimejiandaa. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki mashavuni, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Kufikia mwaka 1965, mtafiti aitwaye Cadwalladr alikuwa tayari ameandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika mto Nzoia, na jinsi mbinu za kienyeji za uvuvi zilivyokuwa zikifa pamoja naye. Nzoia ile haikuwa na ukuta wa umeme. Mashine za Sondu zilianza kazi 2008. Mtu hafi 1965 kwa kisu kilichofuliwa 2008.

"Sijasema aliuawa," akasema. "Nimesema alimalizwa. Ni vitu viwili."

Nililala nikijiona mshindi, mbu wakinila.

Jumanne

Mzee aliyetupa pa kulala alituamsha kabla ya alfajiri kwenda kuangalia migono yake, mitego ya samaki ya kusukwa. Ameitega kwenye mfereji wa asili unaotoka mtoni kwenda kwenye tindiga, ambapo zamani, anasema, baba yake alijenga uzio wa fito kuvuka mkondo mzima na kuacha matundu ya kuwekea migono. Uzio ule ulikuwa na kanuni. Ulifunguliwa, na kuna aliyekuwa na haki ya kutega juu na aliyekuwa na haki ya kutega chini. Sasa amebaki na migono minne na hakuna wa kugombana naye.

Wa kwanza, mtupu. Wa pili, mumi mdogo aliyekasirika. Wa tatu, mtupu. Wa nne alipouinua ulitingishika, akauweka juu ya nyasi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akamtoa.

Ningu. Mmoja. Urefu wake ni kutoka kwenye ncha za vidole vyangu hadi zaidi kidogo ya kifundo cha mkono. Kwa tochi ya simu magamba yalikuwa na mng'ao wa shaba kuukuu, na mapezi yalikuwa yamechubuka mipakani. Mzee alimgeuza tumbo juu, akapitisha kidole gumba taratibu kuelekea mkiani. Mayai yakatoka, madogo kama punje za wimbi, yakamtiririka kiganjani na kunata kwenye mikunjo ya ngozi. Akatuonyesha kiganja, hakusema kitu. Kisha akaufuta mkono kwenye nyasi na kumtia samaki kwenye ndoo.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini hakumrudisha majini. Mzee ana wajukuu watano ndani ya nyumba ile. Mimi sikuuliza.

Nilichouliza ni jinsi ningu anavyojua wakati. Akaniambia ningu hasikii mvua. Mvua inaweza kunyesha juu ya ziwa mwezi mzima asijali. Anachosikia ni maji yaliyogeuka: maji ya kwanza mekundu kutoka Kericho na milima ya Mau, yenye baridi na harufu ya shamba. Hayo yakifika mdomoni mwa mto, anaanza safari usiku huo huo. Yakichelewa, anangoja na tumbo lake. Yakija kidogo kisha yakakatika, wengine hupanda nusu ya njia na kukwama.

Maneno haya niliyaweka kando kama hekima za wazee. Siku mbili baadaye niliyarudia.

Jumatano

Thurdibuoro. Hapa nilikuwa nyumbani, kwa maana ya kazi. Ukisimama chini na kuutazama ukingo wa nyanda za juu za Nyakach unaliona bomba likiteremka mlimani, na chini yake jengo la mitambo. Hatukuwa na kibali cha kuingia wala hatukuomba. Tulikaa ng'ambo ya uzio chini ya mti, nikamchorea binamu yangu mchangani kwa kijiti.

Sondu-Miriu si bwawa la kawaida. Halina ziwa kubwa nyuma yake. Karibu na mji wa Sondu kuna banio linalokinga mto. Maji yanageuzwa na kuingia kwenye handaki lililotobolewa ndani ya mlima, zaidi ya kilomita 6. Yanapotokeza upande wa pili yanaporomoka kwa bomba karibu mita 200, yanapiga mashine, zinatoka megawati 60. Yakishatoka hapo hayatupwi: yanapita kwenye mfereji hadi mtambo mdogo wa Sang'oro, uliowashwa 2012, yanakamuliwa megawati 21 nyingine, halafu yanarudishwa mtoni.

"Umeona?" nikamwambia. "Stima hainywi maji. Tone lililoingia ndilo lililotoka."

Aliutazama mchoro muda mrefu. Akachukua kijiti mkononi mwangu, akagusa mahali nilipochora banio, kisha akagusa mahali maji yanaporudi.

"Na hapa katikati, mto wenyewe, umebaki na nini?"

Nilikuwa nimeuchora kwa mstari mmoja mwembamba, bila kufikiri.

Jioni tulikwenda maji yanaporudia mtoni. Vijana wawili walikuwa wanavua kwa ndoana, na walikuwa wamechagua mahali kwa akili. Samaki anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu, kwa sababu kwa maelfu ya miaka mkondo wenye nguvu ndio uliokuwa njia. Mitambo ya umeme duniani kote imewadanganya samaki kwa namna hii: maji mengi yanatokea kwenye mashine, mto wa kweli unatiririka pembeni kama kijito, na samaki anajazana mbele ya lango lisilofunguka. Anachoma mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya mayai.

Marekani walijaribu kulitatua kwa ngazi za samaki. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia lilikamilika 1938 likiwa nazo tayari: vidimbwi vilivyopangwa kama vidato, samaki anaruka kimoja hadi kingine. Ila zile zilichongwa kwa kipimo cha salmoni, mrukaji hodari. Samaki wa maumbile mengine mara nyingi huzishindwa. Na akishapanda, kuna kuteremka. Huko chini kuna pangaboi zinazozunguka na shinikizo linalobadilika ghafla, na samaki anaweza kutoka mzima kwa nje, ndani amepasuka kibofu cha hewa. Vitu hivi mimi fundi sikuwahi kuviwaza hata siku moja nikiweka swichi.

Alhamisi

Odino. Tuliiacha pikipiki kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia maharagwe, tukashuka bondeni kwa miguu. Hiki ndicho kipande kilichorukwa, kati ya banio na mahali maji yanaporudi, na maporomoko ya Odino yako ndani yake.

Mwamba ni mkubwa kuliko nilivyotarajia na maji yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Unaona kwenye jiwe alama ya mahali mto ulipokuwa unapita: weusi laini uliosuguliwa, mpana kama uwanja wa kanisa. Katikati ya weusi huo kulikuwa na mistari miwili mitatu ya maji meupe. Chini yake, vidimbwi. Tuliingia kwenye kimoja. Juu maji yalikuwa ya uvuguvugu, chini baridi, na samaki wadogo wa aina ya adel walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha jiwe, wote wakitazama upande mmoja, kule kidogo kilichokuwa kikiingia kilikotokea.

Hapo ndipo nikafanya hesabu, na hesabu haikunipenda. Mashine zikifanya kazi kikamilifu huchukua mita za ujazo 39.9 kwa sekunde. Kiasi kilichopangwa kuachwa kipite mtoni ni nusu mita ya ujazo. Karibu mara 80. Katika mafuriko makubwa si shida, kwa sababu handaki likishiba, ziada yote inafurika juu ya banio na mto unakuwa mto. Lakini maji ya kwanza? Yale mekundu ya mzee wa migono, yanayopanda kidogo kidogo mwanzoni mwa msimu? Hayo yote yanaenea ndani ya handaki na nafasi inabaki. Mpaka mto uvuke kiasi hicho, huku katikati hakuna habari kwamba masika yamefika. Habari imepita chini ya ardhi.

Nilimwambia binamu yangu hivyo. Kwa heshima yake, hakushangilia.

Ili nisionekane nimesalimu amri, nilimkumbusha kwamba Odino yenyewe ni ukuta, na aliyeujenga hakuwa mhandisi. Mama wa maharagwe aliunga mkono nusu: ujana wake walikuwa wakija kuchukua samaki hapa chini ya maporomoko, waliojazana vidimbwini, lakini waliofika juu yake yeye hakuwahi kuwaona. Hivyo banio la Sondu pengine halikumfungia ningu mlango mkubwa. Lilichofanya ni kukausha ukumbi.

Si kila maporomoko ni ukuta, hata hivyo. Julai 1862, John Hanning Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, alipopaita Ripon, alikuta samaki kwa maelfu wakiruka kuyapanda maporomoko, na wavuvi wamekaa kwenye miamba na ndoana zao. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likakamilika kule Jinja, Ripon ikazama, na mruko ule ukaisha. Binamu yangu alitaka kujua kama Speke alikula hata mmoja. Swali zuri, sina jibu.

Tulipokwenda kuchukua pikipiki mama alitukaribisha nduma na chai. "Nilipoolewa hapa," alisema, "mwezi wa kwanza sikulala kwa ngurumo ya maji. Siku hizi nikiisikia ndipo ninapoamka."

Kulikuwa kunaingia giza na wingu limesimama upande wa Kericho. Akasema tulale.

Ijumaa

Saa tisa usiku tuliamka wote. Sikujua kilichoniamsha mpaka nilipotoka nje. Bonde lilikuwa linanguruma, sauti ya chini, unaisikia zaidi kwenye nyayo kuliko masikioni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na shuka mabegani.

"Imekuja," akasema, akarudi kulala. Au akajaribu.

Asubuhi matope yalitunyima Odino, tukazunguka kwa barabara hadi mji wa Sondu. Kutoka mbali tuliona banio likifurika, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakimwagika juu yake na magogo yakizunguka. Mvua ilikuwa inanyesha ubavuni. Tulikula chapati mbili mbili kwenye kibanda sokoni, tukakausha viatu, siku ikaisha hivyo.

Jumamosi

Ilikuwa turudi, lakini nilimshawishi twende Gogo, kwa kuwa sasa na mimi nilitaka kujua. Kisii, Rongo, Awendo, Migori, kisha vumbi kuelekea Macalder. Makalio hayajanisamehe.

Gogo iko kwenye mto Kuja na ni kongwe, ya miaka ya 1950. Ilijengwa ili kuupa umeme mgodi wa Macalder. Mgodi ulikwisha zamani, ukuta umebaki, na umeme wake wote ni kama megawati 2. Bwawa lililo nyuma yake limejaa mchanga na tope. Ukitazama unaona nyasi zimeota mahali maji yalipopaswa kuwa.

Tope hilo nalo ni sehemu ya hadithi ya samaki. Lilikuwa safarini kwenda chini, kutandaza matindiga ambamo ningu hutaga. Sasa limelala juu ya ukuta, na maji yanayopita yakiwa mepesi huchimba kitanda cha mto huko mbele ili kujishibisha.

Binamu yangu alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Nyavu ziliingia 1905," alisema hatimaye. "Ukuta huu, miaka ya hamsini. Mbuta, yaani sangara, naye akatiwa ziwani miaka hiyo hiyo. Halafu wewe unaniambia ningu alikufa 1965 kwa sababu moja?"

"Nilisema haikuwa ya Sondu."

"Na mimi nilisema Sondu?"

Nilijaribu kukumbuka benchi la Dunga. Alisema stima. Gogo ni stima. Nikanyamaza. Lakini Nzoia bado ni ya kwangu, na nilimwambia hivyo tukiwa tumeshapanda pikipiki, kwa sauti, kupitia upepo.

Jumapili

Kurudi hakuna la kusimulia ila pancha moja Oyugis. Tulipopita Sondu tulisimama darajani. Mto ulikuwa umeshuka tangu Ijumaa, sio sana. Nilimpigia simu mzee wa migono. Wanne ndani ya usiku mbili, akasema, na fwani mmoja. Anatega tena leo.

Kisumu tulifika na njaa. Dau likaleta kesi: nani amelipa? Yeye alidai hajashindwa, mimi nikadai hajashinda. Tukakubaliana nusu kwa nusu na tukaketi kwa mama yule yule wa Dunga. Binamu yangu akaagiza ningu, kwa uso mkavu kabisa.

Mama aliacha kupanga makaa.

"Ningu? Ningekuwa naye ningekuuzia wewe?" Akatuonyesha sinia. Ngege, yaani tilapia, waliolingana kama matofali, wa kutoka kwenye vizimba vya ziwani, na kipande cha mbuta.

Tukachukua ngege. Alikuwa mtamu, siwezi kumsingizia. Katikati ya mlo stima ikapotea, na kila mtu kwenye kibanda akanigeukia mimi.